Analala na Ndara ya Mama Yake, Mimi Baba Ananikimbia

Shangazi, shikamoo.

Nina mtoto wa kiume wa miezi 15, na hanitaki. Nimelizunguka neno hili wiki nzima nikitafuta namna nyingine ya kulisema, sijaipata.

Mke wangu alipojifungua nilikuwa kwenye kazi ya mbali. Nilikuwa narudi nyumbani kila baada ya wiki 6, nakaa siku 3, naondoka. Mtoto nilimwona zaidi kwenye simu, mama yake akimwelekezea kamera, naye akijaribu kuitia simu mdomoni. Nilijiambia natafuta riziki, na kwamba bado ni mchanga, hatakumbuka nani alikuwepo na nani hakuwepo. Alipofikisha miezi 11 mkataba wangu uliisha, nikarudi moja kwa moja na kupata kazi ya karibu. Nikadhani shida imekwisha.

Mwezi uliopita mke wangu naye alirudi kazini. Anatoka alfajiri, anarudi saa tisa alasiri. Mimi naingia zamu saa saba mchana, kwa hiyo asubuhi yote mtoto ni wangu mpaka mama mkwe anapokuja kunipokea saa sita. Hizo asubuhi, Shangazi, zinanimaliza. Ili kukwepa kilio, mke wangu huondoka kwa kunyata, mtoto angali amelala au akiwa ametazama upande mwingine. Akishagundua, anakwenda mlangoni na kuupiga kwa viganja. Kisha anaitafuta ndara ya mama yake, ile ya bluu ya kuvaa ndani, anaikumbatia. Anatembea nayo nyumba nzima. Akisinzia, analala ameiweka shavuni. Nikimbeba anajikunja mgongo kama upinde na kunisukuma kifuani kwa mikono miwili.

Nimemnunulia vitu vya kuchezea mpaka pa kuviweka hakuna. Nikimrusha juu na kumdaka anacheka sana, anataka tena na tena, nami moyoni nasema leo tumepatana. Lakini akianguka, akiwa na usingizi, akiwa na homa, ni mama tu. Juzi alijigonga kwenye ukingo wa meza nikiwa hatua mbili kutoka kwake. Akanipita mbio, akaenda kumtafuta mama yake chumba cha pili. Nilibaki nimechuchumaa pale pale na mikono wazi.

Akilia mikononi mwangu, mke wangu huja haraka: "Niletee, wewe humjui." Hasemi kwa ubaya. Nami nampa. Nimempa mara nyingi mpaka siku hizi namnyoosha mtoto kabla mama yake hajafika.

Mama mkwe hunifariji. Anasema, "Mtoto wa umri huu ni wa mama, baba. Mwache. Akikua atakutafuta mwenyewe." Mwenzangu mmoja kazini naye kaniambia hivyo hivyo. Nimeanza kuwaamini kwa sababu kuwaamini ni rahisi. Nikirudi saa mbili usiku nasalimia, nakaa pembeni na simu. Usingizi nao siku hizi siupati vizuri, na hata vitu nilivyokuwa navipenda havinivuti tena.

Kuna jambo moja sijamwambia mtu. Wiki iliyopita, baada ya karibu saa nzima ya kilio, nilimfokea. Ilikuwa sauti ambayo sikujua ninayo. Alinyamaza ghafla akanitazama, mdomo wazi, ndara mkononi. Yale macho siyasahau. Baba yangu mimi, ninachokumbuka cha utotoni ni vishindo vya viatu vyake akiingia, na sisi watoto tukitawanyika.

Je, ananichukia? Nimechelewa? Nimwachie mama yake, kama wanavyosema? Na mke wangu nimwambie nini bila kumlaumu?

Mgeni Nyumbani Kwangu

*

Marahaba, mwanangu.

Hakuchukii, na hujachelewa. Nimekujibu hayo mawili kwanza ili uweze kusoma mengine ukiwa umetulia.

Sasa tuzungumze kuhusu ile ndara. Kwa umri wake, mwanao ameshajua kwamba mama yake yupo hata kama haonekani, lakini hajajua kwamba aliyeondoka asubuhi atarudi alasiri. Saa tisa kwake haina maana yoyote. Ndiyo maana anaishika ndara: ina harufu ya mama, na ni kitu cha mama ambacho hakiondoki. Kilio cha kutengana huanza kwa kawaida mtoto akiwa na miezi 8 hivi, hupamba moto kati ya miezi 10 na 18, kisha hupungua taratibu. Hebu hesabu. Wewe ulirudi ana miezi 11. Mama yake alirudi kazini ana miezi 14. Mabadiliko yote mawili yamemkuta kwenye kipindi kile kile ambacho watoto karibu wote huwa wagumu kuachwa. Mtu yeyote ambaye angeachiwa mtoto huyo asubuhi, hata angekuwa mlezi hodari namna gani, angesukumwa kifuani.

Na kilio chenyewe usikisome kama hukumu juu yako. Mtoto anayepiga mlango kwa viganja ni mtoto aliyekwisha kumpata mtu wake. Mimi ningehofia zaidi yule asiyejali nani kaingia na nani katoka. Huyu wako anajua kushikamana na mtu. Amejifunza kwa mama yake, na anao uwezo wa kushikamana nawe pia.

Mama mkwe wako alichokisema kina historia, na si yeye peke yake aliyekisema. Mwaka 1951 daktari wa magonjwa ya akili wa Uingereza, John Bowlby, aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti kuhusu watoto waliokosa malezi ya mama. Kazi yake ilikuwa kubwa na iliwasaidia watoto wengi waliokuwa wakilazwa hospitalini au kulelewa kwenye vituo bila mtu wa kumshika. Lakini katika ripoti ile baba alitajwa zaidi kama mtu wa kumtegemeza mama, kwa pesa na kwa kumliwaza. Wauguzi, walimu na washauri wengi walisomeshwa hivyo, nao wakatusomesha sisi.

Waliokwenda kuwatazama watoto wenyewe waliona zaidi ya hapo. Mary Ainsworth, aliyekuwa amefanya kazi na Bowlby, alifika Uganda mwaka 1954 na kuanza kuzitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala. Alikaa nao majumbani mwao, akiangalia mtoto anamfuata nani, anamlilia nani akitoka, na anampokea nani kwa furaha akirudi. Akakuta kwamba wapo watoto walioshikamana na baba zao pia, hata pale ambapo baba hakuwa akishinda nyumbani. Miaka 10 baadaye, mwaka 1964, Rudolph Schaffer na Peggy Emerson walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto 60 mjini Glasgow. Walipofika miezi 18, watoto watatu kati ya kila wanne walikuwa wameshikamana na baba zao. Na hapa ndipo ningependa utulie kidogo: mtoto hakushikamana lazima na yule aliyekaa naye saa nyingi zaidi. Alishikamana na yule aliyemwitikia. Yule ambaye mtoto akilia anageuka, akionyesha kitu anakitazama, akichoka anaona kwamba kachoka.

Kwa hiyo hakuna sheria ya maumbile inayosema mtoto wa miezi 15 ni wa mama peke yake. Kuna watu wa msitu wa Bonde la Kongo, Waaka, ambao mwanaanthropolojia Barry Hewlett aliishi nao na kupima muda. Akina baba wa kule walikuwa wamewabeba watoto wao wachanga, au wako karibu nao kiasi cha kuwafikia kwa mkono, karibu nusu ya siku nzima. Mwili wa mwanaume wenyewe nao hubadilika kwa malezi. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa Ufilipino uliowafuatilia wanaume 624 tangu kabla ya kupata watoto. Waliokuja kuwa baba walishuka homoni ya kiume, testosteroni, na waliokuwa wakimhudumia mtoto saa 3 au zaidi kwa siku walikuwa na kiwango cha chini kuliko akina baba wasiojishughulisha. Ulezi unamgeuza hata mwanaume, kwa sharti kwamba aufanye.

Nina imani mama mkwe anakupenda na alitaka kukupunguzia uchungu. Lakini ushauri wake wa "mwache akikua atakutafuta" usiufuate. Wewe mwenyewe una ushahidi. Ulimtafuta baba yako ulipokua, au ulijifunza kuusikiliza mlango?

Umeniuliza kwa nini akiumia anakupita. Hukuliuliza kwa maneno hayo, lakini ndilo swali lenyewe. Watoto wengi wa umri huo wakichoka au wakiumia, hata wazazi wote wawili wakiwepo, huenda kwa mama kwanza, hata wale wanaompenda baba sana. Lakini kwako liko na la pili. Hebu jitazame kama unavyotazamwa na mwanao. Kuna mtu ambaye kila akilia humchukua na kubaki naye mpaka mambo yaishe. Na kuna mtu ambaye akilia mikononi mwake hunyooshwa mbele na kukabidhiwa kwa mwingine. Hapo anakuwa amejifunza jambo la kweli kabisa: mikono ya baba ni njia ya kupita kwenda kwa mama. Siku ya meza hakukukataa. Alikata njia fupi, maana anajua safari inaishia wapi.

Nilifanya kazi kwenye kituo cha kulelea watoto kwa miaka mingi, na kuna baba mmoja sijamsahau. Alikuwa akimleta binti yake, mtoto wa mwaka mmoja na nusu hivi. Hakuwa mtu wa maneno wala michezo. Akifika alichuchumaa, akamkalisha mtoto gotini, akamvua viatu. Cha kushoto kwanza, siku zote. Akifungua kamba polepole, akikitoa kiatu, anaushika mguu wote kwenye kiganja chake kwa muda kidogo, kama anaupasha joto, ndipo anahamia wa kulia. Kisha anamwambia, "Baba anakwenda. Baba anarudi." Mtoto alikuwa akilia, ndiyo. Lakini baada ya wiki chache alianza kumnyooshea mguu wa kushoto kabla hajaguswa. Nilikuwa naona watoto wanaokuja na vitu vya kuchezea vya kila aina, na nakwambia hakuna kilichofanya kazi kama ile dakika moja ya viatu.

Basi kanuni yangu kwako ni hii: toka kwenye kucheza, ingia kwenye kuhudumia. Michezo ya kumrusha usiiache. Familia ya watafiti wa Ujerumani, Karin na Klaus Grossmann, iliwafuatilia watoto tangu uchanga hadi miaka 16, na namna baba alivyocheza na mtoto wa miaka 2, akimtia moyo na kumpa jambo gumu kidogo bila kumpora mchezo, ilihusiana na namna kijana huyo alivyoyaona mahusiano ya karibu miaka 14 baadaye. Kwa hiyo kumrusha na kumdaka ni kitu cha maana. Lakini ukiwa baba wa kurusha tu, mtoto atakutafuta akiwa na furaha na kukukimbia akiwa na dhiki. Shika na ile mikono ya dhiki. Mwogeshe wewe. Nepi ya asubuhi iwe yako bila mjadala. Akiamka usingizini macho yamevimba, uso wa kwanza kuuona uwe wako. Nguo, pua, kucha, dawa ya homa. Ni katika hayo mtoto anajifunza kwamba mwili wake unajulikana na mikono hii.

Na ufanye kwa namna ile ile kila siku. Mtoto hajui saa, lakini anajua mfuatano. Kitambaa kile kile, wimbo ule ule hata kama sauti yako si ya kuimbia, kukaa pale pale. Akishajua kinachofuata anatulia, na wewe ndiwe unayefuata.

Asubuhi ya mlango tuibadilishe kabisa. Kwanza, kunyata kukome. Mke wako anafanya hivyo kwa huruma, lakini mtoto anayenyatiwa hujifunza kwamba mama anaweza kutoweka wakati wowote akigeuza shingo, na matokeo yake ni kung'ang'ania zaidi. Hivyo basi muamsheni kama itabidi, mama amuage kwa maneno machache yale yale, ambusu, amkabidhi mkononi mwako kwa mkono wake mwenyewe, aondoke bila kurudi nyuma. Atalia. Kilio cha kuagwa ni kikali lakini kina ukweli ndani yake, na taratibu atakijua kisa chote: anaondoka, anarudi.

Mama akishatoka, usimkimbilie na kitu cha kuchezea, wala usimwashie simu. Keti sakafuni karibu na mlango anapopiga. Karibu, lakini usimkamate. Mwambie kwa sauti ya chini, "Unamtaka mama. Mama amekwenda kazini. Atarudi. Mimi nipo." Nyamaza. Pumua polepole, maana mtoto huusikia mwili wa mtu kabla ya maneno yake. Akikusukuma, sogea kidogo, usiondoke chumbani. Akisogea hata kwa kiganja kimoja, mpokee bila shangwe. Na ndara mwachie, tafadhali. Hata ukimbeba, mbebe nayo. Ukimnyang'anya utakuwa unamwambia achague kati yako na mama yake, na hahitaji kuchagua. Mwaka 1981 watafiti wawili, Mary Main na Donna Weston, walionyesha kwamba uhusiano wa mtoto na mama na uhusiano wake na baba ni vitu viwili, kila kimoja kinajengwa kivyake. Mtoto anaweza kuwa salama, yaani kumwamini mtu na kutulizwa naye, kwa wote wawili, kwa mmoja, au asiwe salama kwa yeyote. Mapenzi yake kwa mama hayakupunguzii wewe chochote. Nayo pia hayakuzibii pengo.

Lengo lako pale mlangoni si kumnyamazisha. Hapo ndipo baba wengi hukata tamaa, kwa kuwa wanapima kazi yao kwa kilio. Ainsworth baadaye, akiwa Marekani, alibuni jaribio la kama dakika 20 ambalo linatumika hadi leo: mtoto wa mwaka mmoja hivi anawekwa kwenye chumba kigeni, mzazi anatoka na kurudi, mara mbili. Kinachoangaliwa zaidi ni kile anachofanya mtoto pale mzazi anaporudi. Wapo wanaolia sana na bado wako salama kabisa, kwa sababu mzazi akirudi wanamwendea, wanatulizwa, wanarudi kwenye mchezo. Kwa hiyo acha kukihesabu kilio. Angalia unaporudi wewe saa mbili usiku. Ananyanyua kichwa? Anakuonyesha kitu? Anakuja nusu ya njia? Hizo ndizo alama zako, na mtu aliyeinamia simu hawezi kuziona. Ile saa ya kurudi ni yako na yeye kabla ya kitu kingine chochote: vua viatu, keti chini, ngoja aje.

Sasa mke wako. Usilizungumze jambo hili mtoto akiwa analia kati yenu. Tafuta wakati mtoto amelala, na uanze na deni. Miezi 11 alikuwa peke yake usiku na mchana. Kila kilio cha mtoto huyo alikifumbua mwenyewe, hakuna wa kumuuliza. Neno "humjui" limetoka huko, na kwa wakati ule lilikuwa kweli. Mshukuru kwa kutaja mambo yenyewe, sio kwa jumla. Kisha mwambie unachohitaji: "Nifundishe namna unavyomlaza, mara moja, halafu toka chumbani. Akilia mikononi mwangu nipe dakika kumi kabla hujaja. Nikishindwa nitakuita mimi." Mwahidi kwamba utamwita kweli, na umwite kweli, maana mama asiyekuamini atasimama nyuma ya mlango akiteseka. Kilio cha maumivu au cha hofu kali hakina dakika kumi, hicho mshughulikieni wote. Na mwambie ukweli kwamba utafanya tofauti naye. Utamshika vingine, utamwimbia vingine. Mtoto ana nafasi ya namna mbili za kutulizwa.

Kuhusu kufoka. Asante kwa kunieleza, najua ilikugharimu. Uhusiano wa mtoto na mzazi haujengwi kwa kutokosea. Edward Tronick, mwanasaikolojia wa Marekani aliyewachunguza akina mama na watoto wachanga uso kwa uso, aliona kwamba hata wale wanaoelewana vizuri huwa sambamba kwa takriban asilimia 30 tu ya muda. Muda uliobaki ni kupishana na kurudiana. Kurudiana ndiko kunakomfundisha mtoto kwamba jambo likiharibika hutengenezeka. Siku ile, ungeketi chini na kumwambia, "Baba kafoka. Umeogopa. Pole." Asingeelewa maneno yote, lakini uso na sauti angevielewa. Bado hujachelewa kulifanya hilo jambo liwe desturi yako.

Lakini nisikilize hapa vizuri. Ukihisi ile sauti inapanda tena, mlaze mtoto kitandani mwake mahali salama, toka chumbani, kaa dakika chache, kisha urudi. Kulia peke yake dakika chache hakutamdhuru. Kumtikisa kwa hasira kunaweza kumvujisha damu kwenye ubongo na kumuua au kumlemaza, na wengi waliofanya hivyo walikuwa watu wa kawaida waliochoka kama wewe. Sisemi kwamba utafanya. Nasema uwe na mpango kabla ya asubuhi hiyo kufika.

Na wewe mwenyewe, mwanangu? Usingizi haupatikani, vitu ulivyovipenda havikuvuti, unajitenga na simu. Sonona baada ya kuzaliwa mtoto huzungumzwa kama ugonjwa wa mama, lakini huwapata pia takriban baba mmoja kati ya kumi. Kama hali hiyo imekaa zaidi ya wiki mbili, kamwone mhudumu wa afya umweleze hivi hivi ulivyonieleza mimi. Mtoto anahitaji mtu wa kumwitikia, na mtu aliyezama hawezi kuitikia hata akitaka. Kwa mtoto sioni cha kukutia hofu katika ulichoandika. Anacheka, anatafuta faraja, anajua watu wake. Ingekuwa hamtafuti mtu yeyote akiumia, au anapoteza maneno na mambo aliyokwisha kuyajua, hapo ningekwambia umpeleke kliniki ya watoto bila kungoja.

Itachukua muda gani? Wiki, si siku, na kuna wiki zitakazorudi nyuma, hasa akiugua. Tafiti za baba na watoto zinaonyesha kwamba namna baba anavyomwitikia mtoto ina uzito, lakini si muujiza wa siku moja. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2012 unaonipa matumaini juu ya watu kama wewe: kwa akina baba ambao hawakuwa hodari sana wa kuzisoma ishara za mtoto, ndiko kushiriki kwao kwa wingi katika malezi kulikohusiana zaidi na usalama wa mtoto kwao akiwa na miaka 3. Maana yake si lazima usubiri kwanza kuwa fundi.

Jambo moja dogo limebaki. Umenieleza kwa urefu jinsi mama anavyoondoka, lakini hukusema hata neno moja jinsi wewe unavyoondoka saa sita, mama mkwe akishafika. Nadhani unachukua mkoba na kutoka, kwa sababu unaamini hatajali. Kesho ukitoka, chuchumaa mbele yake, umshike miguu, umwambie baba anakwenda na baba atarudi. Muage hata kama hatakutazama.

Shangazi